Ngiri Aliyekagua Nyumba kwa Makalio

Ilikuwa ile zamani ambayo wanyama walisutana hadharani bila kuona haya. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu kwenye mbuga ya Nyasindefu. Radi ikapiga mara moja tu, moto ukashika, na kufikia siku ya tatu mbuga ilibaki na jina lake tu. Nyasi zenyewe zilikuwa majivu.

Aliyezoea kulala kichakani hakuwa tena na kichaka. Aliyezoea kujificha kwenye majani marefu alibaki wazi kama kipara. Kila mmoja akawa anatafuta kitu kimoja: shimo la kulala kabla masika hayajafika.

Mashimo yalikuwepo. Yalichimbwa na Muhanga, fundi asiye na makuu. Muhanga huchimba akitafuta mchwa, akishiba huenda zake, wala hageuki nyuma kuangalia alichokiacha. Kwa desturi ya Nyasindefu, shimo lililoachwa na Muhanga ni la atakayeliwahi. Sasa unadhani nani aliwahi? Moto ukiwa bado unafuka, Fisi alikwisha kuyapitia mashimo saba na kuyapaka harufu yake mlangoni, harufu ambayo ukiivuta mara moja huna haja ya kuuliza nyumba ni ya nani.

Shimo moja lilikuwa juu ya Kilima cha Mawe, kavu, lina vyumba viwili na mlango wa nyuma. Humo Fisi aliishi mwenyewe. Sita yalikuwa chini korongoni. Hayo tutayafikia.

Kenge naye aliwahi mawili. Huyu Kenge juzi tu alikuwa hana hata kivuli chake mwenyewe, akiazima cha jiwe. Sasa wapangaji wake walikuwa wakimletea mayai mpaka mlangoni. Akaota shingo. Akaanza kutembea polepole kama mtu anayesubiriwa.

Ngiri alimwona Kenge akipita, na usiku ule hakula vizuri.

Ngiri si mnyama mbaya. Ni mwenye kiherehere, basi. Akipata wazo hulishika mkia wima, akakimbia nalo, na akifika nusu ya njia husahau alikuwa anakimbilia nini. Alikuwa na shamba moja la ndago kando ya mto, kwenye udongo wa unyevu ambao moto uliuruka. Shamba hilo ndilo lililomweka hai yeye na mkewe, maana Mama Ngiri alikuwa na mimba kubwa, tumbo linakaribia kugusa vumbi.

"Mama watoto," Ngiri akasema, "tunachimba ndago kwa pua mpaka pua imekuwa ngumu kama kwato. Kenge anakula amelala."

"Kenge ana mashimo. Wewe una ndago. Kula ndago zako unyamaze."

"Nataka na mimi niitwe baba mwenye nyumba."

"Anza kuitwa baba wa hawa," akasema Mama Ngiri, akiligusa tumbo lake. "Hayo mengine yatajileta."

Hayakujileta. Yaliletwa na Fisi, asubuhi yake tu, akichechemea huku meno yote yako nje kwa tabasamu.

"Mheshimiwa Ngiri!"

Ngiri alitazama nyuma aone kama kuna Ngiri mwingine. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mheshimiwa.

"Wewe, wewe bosi wangu," Fisi akasema. "Nimesikia unatafuta kitega uchumi. Mimi nina nyumba sita korongoni. Zote zina wapangaji. Wapangaji watulivu, wanalipa kabla hujafungua mdomo."

"Sasa kama zinalipa, mbona unauza?"

Swali zuri hilo. Angelishikilia hapohapo, hadithi hii ingekuwa fupi na sote tungekwenda kulala.

Fisi akashusha pumzi. "Umri, ndugu yangu. Nyumba sita ni kelele sita. Mimi nataka kupumzika. Nipe tu lile shamba lako la ndago, mimi nijilalie kando ya mto nisikilize maji."

Fisi hali ndago. Hata mtoto wa juzi anajua hilo. Lakini njia ya kwenda kunywa maji inapita katikati ya lile shamba, na mnyama yeyote mwenye kiu lazima apite hapo. Fisi alikwisha kupiga hesabu: kila apitaye aache kitu cha kutafuna. Ngiri hakuwaza. Alikuwa bado anaionja ile "mheshimiwa" kwenye ulimi.

"Nizione kwanza," akasema, ili aonekane mjanja.

"Twende hata sasa. Ila tuharakishe, saa nane anakuja Pofu kuziangalia."

"Pofu? Mnyama mkubwa vile ataingiaje shimoni?"

"Aingie afanye nini? Yeye anapangisha."

Ngiri akakimbia, mkia wima.

Sasa sikiliza vizuri. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Babu yake aliingia kinyumenyume, baba yake akaingia kinyumenyume, na yeye anaingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, ili meno yabaki mlangoni kumngoja adui. Ni desturi ya maana sana ukiwa unakimbizwa na chui. Ukiwa unakagua nyumba, ni msiba.

Walipofika kwenye shimo la kwanza Ngiri akageuka, akarudi nyuma taratibu, akapenyeza makalio mpaka yakagusa ukuta.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, baba mwenye nyumba!" sauti ikaitika kutoka gizani nyuma yake. "Kodi yako ipo, usiwe na wasiwasi!"

Ngiri alisisimka mpaka kwenye kwato. *Baba mwenye nyumba.* Akatoka, akaenda shimo la pili, akaingiza makalio.

"Hodi!"

Kikohozi. "Karibu, mwanangu. Mzee wako nipo, nimejilaza. Nyumba nzuri hii, miaka sijaona nyumba kama hii."

Shimo la tatu akajibiwa na mama mwenye watoto wachanga, na watoto walisikika wakilia. La nne akajibiwa na kijana. Hapo Ngiri akasita.

"Mbona huyu sauti yake kama ya yule wa kwanza?"

"Ni ndugu," Fisi akajibu haraka. "Mpangaji akiridhika, huita ukoo wake."

"Na huku ndani nasikia ubaridi makalioni."

"Ubaridi? Hiyo ni hewa safi, mheshimiwa. Nenda kule kwa Kenge uone joto lake, wapangaji wanalala ndimi nje."

Mashimo ya tano na ya sita yalikuwa na watu pia. Ngiri alikagua nyumba sita, na katika zote sita hakuna hata moja aliyoitazama. Alizikalia tu.

Saa nane ilipofika hakuna Pofu aliyetokea, lakini wakati huo wawili hawa walikuwa kwa Simba.

Simba ndiye aliyekuwa akithibitisha mauziano ya Nyasindefu. Hakuwa anajua lolote kuhusu nyumba, ila aliujua unyayo wake, na aliupenda. Mkataba ulikuwa hivi: unaleta donge la udongo mbichi, unaeleza mnachobadilishana, Simba anakandamiza unyayo, udongo ukikauka hakuna wa kubisha.

"Nyumba zina hali gani?" Simba akauliza, macho yakiwa kwenye kucha zake.

"Nzuri kupindukia, Mkuu," Fisi akasema.

"Nimezikagua mwenyewe," Ngiri akaongeza.

Unyayo ukashuka. "Ndago za huyu kwa mashimo ya yule. Simba amesema."

Mama Ngiri aliambiwa jioni. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Tutakula nini mpaka kodi ije?"

"Kodi inakuja mwezi ukiandama. Siku nane tu."

Siku nane walikula mizizi ya miti iliyoungua, ambayo ina ladha ya moshi na haishibishi hata panzi. Huko mtoni Fisi alikuwa amelala katikati ya njia. Swala akipita anaacha ngozi kavu aliyookota. Sungura akipita anatakiwa aache mfupa, na Sungura mfupa autoe wapi? Wenye kiu walilipa. Wasio na cha kulipa walikunywa umande.

Mwezi ulipoandama, Ngiri aliazima kikapu kwa Kanga, akaenda korongoni kukusanya kodi.

"Hodi! Baba mwenye nyumba nimefika!"

Kimya.

Akaenda la pili. "Mzee! Umeamkaje?"

Hata kikohozi hakuna. Akazunguka yote sita akiita, sauti ikizidi kuwa nyembamba. Mwishowe hasira zikampanda akasahau desturi ya ukoo wake, akaingia shimo la kwanza kwa kichwa.

Ndipo alipoona. Kuta zilikuwa na mstari wa tope lililokauka, juu kabisa, karibu na dari. Sakafuni kulikuwa na makombe ya konokono wa majini. Na kule nyuma, kando ya ukuta ambao makalio yake yaliugonga, kulikuwa na njia ya chini kwa chini inayounganisha mashimo yote sita. Katikati ya njia hiyo Nguchiro mmoja alikuwa amelala chali, kashiba.

"Wewe ni mpangaji wa ngapi?" Ngiri akauliza.

Nguchiro akapiga miayo. "Wa kwanza. Na wa pili. Nilikohoa vizuri, si ndiyo? Wale watoto wachanga ndio walinipa tabu, koo liliuma siku mbili."

"Wote sita ulikuwa wewe?"

"Fisi alinilipa niitikie. Hakunilipa niishi. Nani anaishi humu, mzee, mimi mwehu?" Akanyoosha kidole juu, pale penye ule mstari. "Masika ya mwaka jana maji yalifika pale. Muhanga alichimba asubuhi, akaona, mchana akahama. Ungemuuliza angekwambia. Hana siri yule."

Ngiri alikimbia mpaka kwa Simba akiwa na kikapu kitupu shingoni.

"Mkuu, nimeibiwa! Nyumba hazina watu, na zinajaa maji!"

Simba akainua kichwa polepole. "Hizo ndizo nilizozitia unyayo?"

"Ndizo, Mkuu."

"Unataka kuniambia unyayo wangu ulikanyaga pasipofaa?"

Wanyama waliokuwa karibu wakaanza kujisogeza. Kuna maswali ambayo jibu lake ni kuondoka.

"Hapana, Mkuu," Ngiri akasema, akarudi nyuma taratibu. Safari hii ilimfaa.

Nyumbani alimkuta mkewe amelala ubavu, anahema kwa shida. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika kwenye mwili ambao tumbo peke yake ndilo lililobaki kubwa.

"Watazaliwa wiki hii," Mama Ngiri akasema. "Na bila ndago sitakuwa na maziwa. Usinieleze habari za Fisi, wala za unyayo. Nenda kwa Sungura."

"Atanicheka."

"Acha akucheke. Kicheko hakiui. Njaa inaua."

Sungura alimcheka. Alicheka mpaka akaanguka, akajizoa, akauliza, "Rudia pale pa makalio," akaanguka tena.

"Umemaliza?" Ngiri akauliza.

"Bado kidogo. Haya, kaa. Hapana, usikae, utainunua hii nyumba yangu." Akafuta machozi. "Kaka, hebu nijibu. Kabla ya kununua, ulizungumza na mpangaji hata mmoja Fisi akiwa mbali?"

"Hapana."

"Uliwauliza majirani?"

"Hapana."

"Ulimtafuta Muhanga ukamuuliza, kwa nini ulipachimba ukapahama?"

"Ha... hapana."

"Ulibakisha nusu ya ndago za kuwalisha watu wako, nyumba zikikosa wapangaji?"

"Hata moja sikubakisha."

"Kwa hiyo chakula chote cha familia ulikiweka kwenye kitu ulichokigusa kwa makalio tu." Sungura akatikisa masikio. "Mimi sikusaidii kwa huruma, usije ukajidanganya. Nakusaidia kwa sababu nimechoka kunywa umande. Ukilirudisha shamba, mimi napita bure. Mimi, wanangu na wajukuu."

"Nakubali."

"Na ukiona mtu anataka kuzinunua zile nyumba, sema neno moja tu: siuzi. Unaweza? Neno moja."

"Siuzi," Ngiri akajaribu.

"Kumbe una akili. Nenda kalale."

Kesho yake Sungura alikwenda kwa Simba wakati baraza limejaa, akakaa pembeni akihuzunika kwa sauti.

"Una nini wewe?" Simba akauliza.

"Mkuu, nimekasirika kwa niaba yako. Huko mitaani wanasema ulizitia unyayo nyumba za tope."

Manyoya ya shingo ya Simba yakasimama. "Nani anasema?"

"Wengi, Mkuu. Siwataji, hutabaki na raia. Nimewaambia, Simba hatii unyayo kwenye kitu hafifu! Lakini mimi ni mdogo, nani atanisikia? Ingekuwa wewe mwenyewe unazisifu..."

Simba akapanda juu ya mwamba. Hakuna kitu rahisi duniani kama kumpandisha Simba juu ya mwamba.

"Sikilizeni! Zile nyumba sita za korongoni ni bora kuliko zote Nyasindefu! Na mwenye nyumba zile ni mtu wa heshima. Kuanzia leo, mimi nikila, yeye atakaa kulia kwangu!"

Nyuma kabisa ya baraza, Fisi alikuwa amesinzia. Masikio yake yalilala katika maneno yote mpaka kwenye "mimi nikila." Hapo yakasimama yenyewe.

Kulia kwa Simba! Nani asiyejua Simba anavyokula? Anakula paja, anasusa mbavu. Anakula ini, anaacha kichwa. Fisi akaona mbavu, akaona vichwa, akaona mafuta yakimchuruzika kidevuni kila siku mpaka uzeeni. Na nani atakayekaa pale? Ngiri! Mla mizizi! Fisi alihisi kama mtu aliyeibiwa mali yake.

Akatoka mbio, hata kuchechemea akasahau.

"Ngiri, ndugu yangu! Kuhusu zile nyumba."

"Siuzi," Ngiri akasema.

"Sikiliza kwanza, bosi. Nimezikumbuka. Nitakurudishia shamba lako."

Moyo wa Ngiri uliruka. Shamba! Ndilo alilolitaka! Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na Sungura, aliyekuwa amejilaza hapo karibu kama asiyehusika, akakohoa.

"Siuzi," Ngiri akasema, jasho likimtoka.

"Shamba, na nisilale tena njiani."

"Siuzi."

Fisi akamgeukia Sungura. "Mwambie mwenzako!"

"Mimi nimwambie nini, shemeji? Mtu ana siti kulia kwa Simba. Labda ungekuwa na nyumba nyingine ya kumpa, maana mkewe anakaribia kujifungua. Lakini wewe huna nyumba nyingine. Ile ya kilimani si unaishi mwenyewe?"

Fisi akageuka, akakitazama kilima. Mate yalikuwa yakimdondoka mpaka yametengeneza kidimbwi kati ya miguu yake. Alizijua nyumba zile za korongoni kuliko mtu yeyote. Aliujua ule mstari wa tope. Hakuna aliyemdanganya hapo, tafadhali tuelewane. Alijua kila kitu, ila tumbo lake lilikuwa haliulizwi, linaamuru.

"Na ya kilimani," akasema. "Chukua! Twende kwa Simba kabla jua halijazama."

Unyayo ukashuka kwenye donge la pili. Simba alifurahi sana kuona nyumba alizozisifu zinagombewa.

"Na kwa kuwa ni nyumba bora," akasema, "mwenye nazo ataishi humohumo. Mtu wa heshima hazururi."

"Sawa, Mkuu, sawa," Fisi akajibu. Alikuwa akitazama kama kuna kitu cha kula.

Kabla ya kuhamia kilimani, Ngiri alimsimamisha mkewe nje, akaenda kumtafuta Muhanga. Alimpata akiwa na ulimi ndani ya kichuguu.

"Ile nyumba ya juu, uliiachia nini?"

"Mchwa waliisha," Muhanga akasema bila kuinua uso. "Maji hayafiki. Mlango wa nyuma una jiwe limelegea, lishindilie kabla halijamwangukia mtu."

Ngiri akalishindilia. Watoto watatu wakazaliwa siku mbili baadaye, wenye afya na kelele, mama yao akiwa ameshiba ndago na maziwa yakimwagika. Chumba cha pili walikaa nacho kitupu kwa muda. Alipokuja Nungunungu, aliyekuwa mpangaji wa Kenge, kuomba kupanga, Mama Ngiri ndiye aliyemhoji, na kabla ya kusema ndiyo alikwenda kwanza kwa Kenge kuuliza aliishije kule. Walikubaliana kikapu kimoja cha mizizi kwa mwezi. Kodi si kubwa. Lakini ilikuja mwezi ulipoandama, na mwezi uliofuata ikaja tena.

Na Fisi? Siku ya kwanza alikaa kulia kwa Simba, kifua mbele. Simba akala paja. Akasusa mbavu, kama ilivyotarajiwa. Fisi akanyoosha shingo.

"Unafanya nini?" Simba akauliza.

"Haya makombo, Mkuu..."

"Makombo? Mtu anayekaa kulia kwangu agombee makombo na tumbusi? Unataka waseme Simba anakaa na ombaomba? Kaa wima!"

Fisi akakaa wima. Tumbusi wakashuka, wakala mbavu zote mbele ya macho yake, taratibu, wakimwangalia. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Na ya tatu.

Siku ya nne masika yakaingia. Hayakuingia kwa kunyunyiza. Yaliingia kama mtu aliyefukuzwa kwao. Korongo likanguruma, maji yakaingia shimo la kwanza yakatokea la sita, na Fisi akatokea nayo. Akaogelea, akanywa tope, akashika mzizi, akajivuta mpaka juu ya kichuguu. Akakimbia moja kwa moja kwa Simba, ambaye alikuwa chini ya jabali lake na baraza zima limejibanza hapo kukwepa mvua.

"Mkuu! Mkuu, zile nyumba—"

"Enhe," Simba akasema. "Nyumba zangu. Wenzako hapa walikuwa wanauliza habari zake. Hebu waambie mwenyewe zilivyo."

Fisi akatazama huku na huku. Akamwona Simba, kucha zikiwa nje kidogo. Akamwona Sungura, amekaa kwa adabu, mikono mapajani.

"Ni... kavu, Mkuu."

"Sauti!"

"Kavu! Kavu kabisa!"

"Mbona umelowa hivyo?" Sungura akauliza kwa upole.

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka masikioni mwa Fisi, yakipita kwenye mashavu, yakidondoka kidevuni.

"Jasho," Fisi akasema. "Nyumba zina joto zuri."

Hapo chura mmoja, ambaye alikuwa amejishikiza kwenye manyoya ya mgongo wake tangu korongoni, akapanda taratibu mpaka utosini, akakaa, akalia *kroo*.

Baraza zima likamtazama chura.

"Na huyo ni nani?" Simba akauliza.

Fisi akafumba macho.

"Mpangaji wangu, Mkuu."

"Analipa?"

"Analipa vizuri sana, Mkuu."

Hadithi imefika mlangoni, haina chumba kingine. Wewe uliyeweka kaakiba kako unatamani kuanza na kachumba kamoja ka kupangisha, nenda ukakaone mwenyewe, nenda mvua ikinyesha, na zungumza na wanaokaa humo wakati dalali hayupo. Ukiona ni kazi nyingi, zile sita za korongoni bado zinauzwa.